Jicho Ndani ya Almasi ya Mama

Niliondoka Muhoroni kwa sababu wifi yangu Akinyi alikuwa ameapa kwamba pete ya marehemu mama yake ikirudi kwake ataitupa ziwani. Ilikuwa miaka ya themanini, na mama mkwe hatukuwa tumemzika siku nyingi. Pete ile alipewa na bibi kizee wa Kihindi ambaye yeye alimlelea wajukuu pale Kisumu. Kabla ya kufa mama mkwe aliniambia, "Akinyi aivae. Wewe hakikisha." Akinyi aliivaa siku chache tu, kisha akanirudishia ikiwa imefungwa kitambaani.

"Hiyo kitu iko na jicho," alisema. "Inaniangalia hata nikigeuka."

Asubuhi nikapanda gari la moshi, pete nimeifunga kwenye ncha ya leso. Tulipita mashamba ya miwa, halafu nyanda tambarare zilizojaa maji ya mafuriko, na mwisho ziwa likatokea, la kijivu, bila wimbi. Kila mara nilijikuta naipapasa ile ncha ya leso. Jiwe lilikuwa la baridi, ingawa leso yenyewe ilikuwa na joto la mwili wangu.

Kisumu mjini nilimtafuta sonara mmoja mzee, Bwana Ramji, ambaye mama mkwe alikuwa akimtaja. Aliishika pete chini ya taa ya umeme, na kusema kweli jiwe lilionekana limefifia kama kipande cha chupa.

"Mama, hii jiwe iko mzee sana," alisema. "Mkato wake tunaita wa machimbo ya kale. Ilitoka India ama Brazil, mbele ya almasi ya Afrika Kusini kuonekana. Hakuna mashine. Mtu anasugua almasi kwa almasi, anapima kwa macho yake tu. Ndiyo maana iko mraba kidogo, pembe zake zimelala. Anafuata vile jiwe lilizaliwa."

Nikamwuliza kuhusu jicho. Kabla hajajibu, wingu zito lilitanda kutoka ziwani, duka likaingia giza, na umeme ukapotea. Akawasha mshumaa.

Jiwe likaamka. Siwezi kulieleza vingine. Miale mipana, myekundu na ya kijani, ilitoka pole pole, ikazima, ikatoka tena. Katikati, chini kabisa, palikuwa na duara dogo jeusi. Nilisogea kushoto, nikasogea kulia, na kila nilipokwenda nililiona.

"Zamani fundi alikuwa anakata ncha ya chini, isivunjike," alisema, sauti imeshuka. "Ukitazama kutoka juu unaona hapo palipokatwa. Naweza kutuma Bombay, wakate upya kwa mtindo wa sasa. Jicho itaisha. Lakini itang'aa kwa umeme tu. Hii ilikatwa kwa watu wa mshumaa."

Kisha akaifunika kwa kiganja chake. "Weka, mama. Nimeitazama ya kutosha."

Kutoka hapo nikachukua basi la Busia mpaka Kisian, kwa Akinyi. Nilifika jua linazama. Alikataa kuigusa. Nilimweleza yote niliyoambiwa, nikamwambia uamuzi ni wake: ikatwe upya, au ibaki. Akawasha taa ya mafuta ili aione vizuri, na rangi zile zikamwagika ukutani.

Akaisogeza taa karibu na pete.

"Mama alikuwa anaivaa jioni tu," alisema. "Mchana anaficha. Mimi nilidhani anaogopa wezi."

"Unaliona jicho?"

"Naona." Machozi yalimtoka. "Nikisogea linanifuata. Vile mama alikuwa anafanya nikichelewa kurudi." Akaiingiza kidoleni mwenyewe. "Wacha iangalie. Isikatwe."

Nililala palepale, na nilipofumba macho lile duara jeusi lilikuwa bado mbele yangu, limetulia kabisa.

Kesho yake nikarudi Muhoroni. Nilikuwa nimedhani kwamba kitu kikishaelezwa huacha kutisha. Nilichojifunza ni kingine. Akinyi anajua sasa lile jicho ni ncha iliyokatwa na fundi asiyemjua, na bado humwogopa mama yake aliyemo ndani. Hata hivyo kila jioni huivaa, na hofu ikimzidi hupunguza utambi wa taa, lakini pete haivui.