Aliyegonga Chini ya Paa

Wengine mtasema nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Nilikuwa juu ya paa la basi pale Mwanjelwa, na jua lilikuwa halijazama.

Ilikuwa masika, miaka ya hamsini. Nilikuwa fundi wa bodi za mabasi, mgeni Mbeya, sina ndugu. Siku ile nilipata habari kwamba mama ni mgonjwa sana kwetu Kilolo, upande wa Iringa. Basi lile lilikuwa linaondoka alfajiri kwenda Iringa, na dereva, Mnyakyusa mwenye maneno, alikubali kunichukua bure kwa sharti moja: nizibe paa lililokuwa linavuja.

"Wee Mhehe, paa likidondosha hata tone, kiti chako nampa mwenye nauli. Utakwenda kwa mama kwa miguu."

Kazi ile ni ya watu wawili. Wa juu anamwaga maji kwenye maungio ya mabati. Wa ndani akiona tone, anagonga bati kwa chini. Kisha wa juu anapakausha, anapaka lami ya moto na kubandika kitambaa cha turubai. Mwenzangu Ambakisye alikuwa amekwenda msibani Tukuyu. Basi nikawa namwaga, nashuka kutazama, napanda tena. Uwanja mzima hakuna mtu, ukungu unashuka kutoka mlimani.

Nilipochoka, nikamwaga maji na kuuliza kwa mazoea tu, "Wapi?"

Ngo, ngo. Chini ya goti langu.

Nilidhani Ambakisye amerudi. Nikafurahi, siwafichi. Nikapaka. "Na wapi tena?" Ngo, ngo. Nikapaka. Nikaanza kumsimulia habari za mama, na kila nikinyamaza anagonga taratibu, kama mtu anayeitikia. Tangu nifike Mbeya, nani alikuwa amenisikiliza hivyo? Sikushuka tena kutazama.

Lami ilipokwisha ndipo nikaona kitambaa kimoja nimekibandika katikati ya bati zima, pasipo ungio wala msumari. Maji yangepita wapi pale?

Nikashuka. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mzee nisiyemjua, koti limelowa chepechepe, na sakafu chini yake kavu.

"Kamwene," akanisalimia kwa Kihehe. "Mbona umeacha? Kaa kidogo, mwanangu. Humu kila mtu hushuka akaniacha."

Nilikimbia hadi barabarani.

Alfajiri ilinyesha. Ungio la mbele, ambalo nililimwagia maji na mzee yule hakugonga, liliwalowanisha abiria. Dereva akampa mwenye nauli kiti changu. "Nilikwambia," akasema, akaondoa gari. Nilipopata lori na kufika Kilolo, mama alikuwa ameshazikwa.

Hadi leo sipandi paa kabla sijamwona kwa macho aliyeko ndani. Nawe, niamini: ukiuliza ukiwa peke yako ukajibiwa, shuka umtazame usoni kabla hujamweleza ya moyoni. Mimi nilimweleza ni nani ananisubiri, naye akajua namna ya kunichelewesha.