Makochi Ishirini na Mawili ya Fundi Séverin

Kaka yangu Séverin Nduwimana alikuwa fundi wa makochi hapa Durban kwa miaka kumi na miwili. Karakana yake ilikuwa gereji ya kupanga huko Sydenham, nyuma ya nyumba ya watu. Alikuwa na desturi moja aliyoirithi kwa mzee aliyemfundisha kazi Bujumbura: kila kochi alilolifungua, kabla ya kulifunika, aliandika kwa penseli ndani ya mbao tarehe, jina la mwenye kochi na alichotengeneza. Wateja hawakuyaona maandishi yale.

"Fundi atakayefungua baada yangu ataona," alisema. "Na Mungu anaona tangu sasa."

Namwandika kwa sababu amekufa, na kwa sababu nina hasira ambayo padri aliniambia niipeleke katika sala. Nimeipeleka. Imerudi nami nyumbani.

Mwaka 2012 riba ilikuwa chini kuliko tulivyowahi kusikia, na mkopo ukawa ndio unaotafuta watu. Benki ziliikataa karatasi yetu ya ukimbizi, lakini duka moja la samani kule Isipingo halikukataa mtu. Muuzaji wao alisimama mlangoni, karibu na stendi ya teksi, akiwaita wapita njia kama anayeuza nyanya. Kazi ya kaka ikakauka. Nani atengeneze kochi kuukuu wakati jipya linapakiwa leo na malipo yanaanza mwezi ujao?

Mimi pia nilichukua. Kochi la kona, rangi ya maziwa. Séverin alikuja kulitazama, akalipindua, akaligonga kwa kidole.

"Mama Lyse, hii ni maranda na gundi. Ndani iko upepo tu."

"Sema tu una wivu, kaka."

"Wivu ninao. Kochi ndilo halina miguu."

Tulicheka sana. Wiki ile ile akarudi na mbao ngumu, akaimarisha fremu bila kunidai hata senti, na ndani akaandika kama kawaida yake.

Januari 2014 riba ikapanda. Redioni walisema ni nusu ya asilimia, kwa sauti tulivu, kama wanaotangaza manyunyu. Nusu hiyo ilitufikia kupitia kwa mwenye nyumba wetu: naye alinunua kwa mkopo wa benki, basi akatupandishia kodi. Randi ikashuka, nauli ya teksi ikapanda. Mama niliyekuwa nikimfanyia usafi South Beach akanipunguzia siku, kutoka nne hadi mbili. Miezi mitatu sikuweza kulipia kochi, na lori la duka likaja. Dereva alikuwa Armel, baba wa watoto wawili tunayeimba naye kwaya. Hakuniangalia usoni.

"Nisamehe, Mama Lyse. Natumwa tu."

Nilikuwa nimelipa zaidi ya nusu. Sikurudishiwa kitu.

Haikuwa nyumba yangu peke yake. Makochi yalinyang'anywa mengi hadi ghala la duka likajaa, wakatafuta fundi wa bei nafuu, wakampata kaka yangu. Makochi arobaini: avue kitambaa, aweke kipya, abandike karatasi ya kusema ni jipya, duka liuze upya. Alikuwa na watoto watatu na gereji ambayo hakuwa ameilipia kodi. Akakubali. Alimaliza ishirini na mawili na lori likayachukua. La ishirini na tatu alipolivua, akakuta mwandiko wake mwenyewe na jina langu.

Akanipigia simu. "Kochi lako liko hapa. Wanataka nilibandike karatasi."

"Libandike, kaka. Utakula nini?"

"Nimeshabandika ishirini na mawili, Mama Lyse. Hayo ndiyo yananinyima usingizi."

Kesho yake alimwambia meneja kwamba ataendelea kufunika, lakini uongo hataubandika tena. Meneja akamfukuza, akasema hata yale ishirini na mawili hatayalipa, kwa kuwa kazi haikumalizika. Mkataba haukuwepo, walipatana kwa mdomo tu, na mdomo wa mkimbizi nani anausikiliza? Alikwenda kudai mara sita. Mara ya sita mlinzi hakumfungulia geti. Mwezi wa Novemba presha ilimwangusha gerejini, penseli ikiwa bado sikioni. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Wataalamu wa redio wanasema watu walikopa kupita kiasi. Kweli, nilikopa, na kosa langu nimeliungama. Lakini aliyesimama mlangoni akituita, yeye anaungama wapi? Mkopo ulipokuwa rahisi, faida ilikuwa yao. Ulipokuwa mzito, hasara ikawa yetu. Kisha hasara yetu wakaivika kitambaa kipya, wakamuuzia maskini mwingine.

Kwetu Burundi, watu hawaondoki makaburini kabla mtu wa familia hajauliza: nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa naye? Siku ya kumzika nilisimama mimi. Duka lilikuwa limetuma shada la maua ya plastiki lenye utepe wa jina lao, na Armel alilileta kwa lori lile lile.

Niliuliza. Mzee Apollinaire, jirani wa gereji, akasema cherehani ya kaka ni yake, alimwazima, basi ibaki kwa watoto. Libérate, mjane wa kaka, alitazama chini.

Armel akainua mkono.

"Deni mimi nalijua. Duka letu halijamlipa makochi ishirini na mawili. Niliyapakia mwenyewe. Wakibisha, yafunguliwe ndani, mwandiko wake uko katika kila moja. Nitasema hivyo hata kwa hakimu."

"Armel, kazi yako!" mkewe akanong'ona.

"Eish, niache. Nimeimba naye miaka saba."

Kwa hakimu hatujafika. Karatasi ziko kwa mwanasheria anayesaidia wakimbizi, Libérate hajapata hata randi moja, na Armel sasa analinda magari ya watu ufukweni. Lakini siku ile, shada likiwa halijagusa udongo wa kaka yangu, nililichukua nikamrudishia Armel mikononi.

"Lipakie kwenye lori," nikamwambia. "Waambie tunalirudisha, kwa sababu hawajalipa."