Picha ya Kigongo Iliyopigwa Baada ya Matanga ya Kaka Yangu

Admin, naomba unifiche, na hata kijiji chetu usikitaje. Walionizunguka wote wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka sitini na kidogo, mstaafu, naishi Mwanza. Kazi yangu siku hizi ni kukusanya picha za zamani za huku kwetu na kuziweka kwenye kundi letu la mtandaoni. Watu wanafurahi sana, wanaona bandari ilivyokuwa, harusi za bibi zao, foleni za duka la ushirika. Wengi hawajui kwamba nilianza kwa sababu nyumbani kwetu hatukuwa na picha hata moja ya kaka yangu. Nitamwita Mabula.

Tulikuwa tunaishi upande wa Misungwi, baba akiwa ameshafariki. Ilipofika amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi na Mabula alikuwa kijana anayeanza kuota ndevu. Msimamizi wetu alikuwa baba mdogo. Siku chache kabla ya lori kutufuata, baba mdogo na Mabula waliondoka na ng'ombe wa marehemu baba kwenda kuwanywesha ziwani. Baba mdogo alirudi peke yake, nguo zimelowa, analia. Alisema Mabula amezama, ng'ombe wametawanyika. Mwili haukupatikana. Tulihamishwa tukiwa msibani. Matanga tuliyamalizia kwenye kibanda kisicho na mlango, na siku hiyo wanaume wa ukoo wakanyolewa vipara. Namkumbuka vizuri baba mdogo, maana alikuwa na afro aliyoichana kwa maringo, na hakuwahi kunyoa kipara kabla ya siku ile.

Mwezi uliopita, mjane wa mpiga picha mmoja alinipa boksi la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mumewe alikuwa anapiga picha Kigongo, pale watu waliposubiri pantoni ya kwenda Busisi. Nilikaa barazani kwangu asubuhi nazipangusa vumbi moja moja, nikijiandaa kuzirusha kwenye kundi. Nikaishika moja, nikaisogeza kwenye mwanga. Ni Mabula. Amesimama wima, amefunga vifungo vyote vya shati. Pembeni yake baba mdogo amemshika bega, na kichwa chake ni kipara kinachong'aa.

Ndugu zangu, tulikuwa tumeshamzika bila mwili. Naye alikuwa amesimama Kigongo, mzima.

Nilimfuata baba mdogo siku hiyohiyo. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema hivyo?"

Nikampa picha. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umeitoa wapi hii?"

"Niambie kwanza huyu ni nani."

Alikaa chini kabisa, mavumbini. Akasema wakati ule kila mtu aliamini ng'ombe watachukuliwa kuwa mali ya kijiji. Akawavusha kwa siri kwa rafiki yake ng'ambo, upande wa Busisi, Mabula akabaki kuwachunga. "Ningemwambia mama yako, asingeweza kuficha. Nilijua nitamrudisha mambo yakitulia." Baada ya matanga alikwenda kumtazama. Mabula alimng'ang'ania mpaka wakavuka pamoja hadi Kigongo, akilia anataka kwenda kwa mama. "Nikamwambia tupige picha, nitampelekea mama yako akuone. Akakubali. Akarudi kwenye pantoni mwenyewe, ananipungia mkono."

"Na picha?"

"Sikuifuata. Ningeionyesha vipi?"

Alipokwenda tena msimu uliofuata, rafiki yake alimwambia Mabula ameondoka na wafanyabiashara wa ng'ombe kuelekea Biharamulo. Ndiyo mwisho wa habari. Kila mwaka uliopita, anasema, mdomo ulizidi kuwa mzito.

Sasa sikieni shida yangu. Mama yangu yu hai, lakini daktari ameshatuambia tumpeleke nyumbani tukamtunze. Anaishi kwa huyohuyo baba mdogo, ndiye aliyemlea miaka yote, aliyetusomesha sisi wengine. Juzi nilimkuta anamnywesha uji kwa kijiko. Mama akanishika mkono akasema, "Mwanangu, nikiondoka mheshimuni shemeji yangu. Alizama majini kumtafuta Mabula wangu." Baba mdogo akainamisha uso kwenye bakuli. Nilitoka nje, nikalia mpaka majirani wakadhani mama amekata roho.

Baba mdogo ameniomba kwa magoti, mzee mzima, nisiiweke mtandaoni na nisimwambie mama. "Muache aende kwa amani, nami nitakufuata popote unihukumu." Lakini kundi letu lina watu wa Biharamulo, wa Geita, wa Karagwe. Nikiirusha leo, huenda kuna mtoto au mjukuu atakayesema huyu ni mzee wetu, yupo hapa. Huenda mama akasikia sauti yake kwenye simu kabla hajafumba macho. Na huenda asijibu mtu yeyote, na mama akafa akijua kwamba alilishwa uongo na mkono uleule unaomlisha, na mwanawe alidhani amemtupa.

Silali, sili. Naingia kwenye kundi, naichagua picha, kidole kinaganda. Ile picha alipigiwa mama. Mabula alisimama pale na vifungo vyake akiamini inakwenda kwa mama, na pengine mpaka leo anajiuliza kwa nini baada ya kuiona hakuja kumchukua.

Mama jana hakuweza kumeza hata maji. Wenye wazazi, wenye kaka waliopotea, naomba mnijibu leo, msingoje kesho. Nimpe mama picha yake, au nimuache?