Siku Kumi na Sita za Si Mekki

Majira ya baridi yale, wapangaji wa jengo namba saba walizoea kumsikia Zulikha akipanda ngazi na sanduku la safari. Ghorofa nne juu, ghorofa nne chini, na mumewe, Si Mekki, yaani Bwana Mekki kwa lugha ya huko, amesimama mlangoni na saa ya kupimia mbio aliyotoka nayo shuleni alipostaafu. Sanduku lenyewe lilikuwa na kilo kumi na mbili za dengu, zilizofungwa kwa shuka mbili zisilie.

"Dakika tisa na nusu," alisema Si Mekki siku ya kwanza, akaandika.

"Na moyo wangu hujauandika?" Zulikha alimuuliza akihema. "Andika na huo. Andika: mke alianguka ghorofa ya tatu, treni ikaondoka bila yeye."

"Ndiyo maana tunapima, mwanamke. Isije ikaondoka bila wewe."

"Iondoke. Mimi nitabaki na dengu zangu."

Mekki Zerdoum alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na sita katika shule moja ya sekondari mjini Constantine, mashariki mwa Algiers. Mto Rhine aliuchora ubaoni kwa mkupuo mmoja wa chaki, kutoka kwenye barafu za Alps mpaka Rotterdam, huku macho yake yako kwa wanafunzi wala si kwa ubao. Alijua ni mizigo gani inayoshuka na ni ipi inayopanda. Lakini bahari hakuwahi kuivuka. Miaka ya ujana hapakuwa na fedha. Ikaja miaka ya kuchinjana wenyewe kwa wenyewe, ambapo mtu alishukuru kufika sokoni akarudi. Kisha mama yake akalala kitandani miaka kumi na mmoja. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake na kila sababu ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomtafuna zaidi: hakuwa na mtu wa kumlaumu.

Sasa mama amezikwa, kiinua mgongo kimelipwa, na watoto Mungu hakuwajalia. Ilibaki safari.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na miji kumi na mmoja. Aliisoma asubuhi iliyofuata akaona haya, akaichana. Mtu anayepita miji kumi na mmoja kwa siku kumi na sita ameona vituo kumi na kimoja vya treni, basi. Karibu na ofisi ya viza palikuwa na duka la fotokopi lililouza ratiba za namna hiyo kwa kurasa, majina yote makubwa ya Ulaya yamepangwa kama tende kwenye kijiti, na Si Mekki aliwadharau walionunua. Yake mwenyewe ingekuwa ratiba ya binadamu mwenye magoti. Alihesabu muda wa kufua soksi, muda wa kutafuta choo, siku ya kutofanya lolote. Hakuacha chini ya dakika arobaini baina ya treni na treni. Miji ikabaki sita: Marseille usiku mbili, Lyon mbili, Strasbourg tatu, Köln tatu, Amsterdam mbili, Paris tatu.

"Na Hadda?" Zulikha aliuliza alipoonyeshwa.

Hadda alikuwa dada mkubwa wa Zulikha, mjane, akiishi Saint-Étienne, mwendo wa chini ya saa moja kwa treni kutoka Lyon. Hawakuonana miaka kumi na tisa.

"Hadda yumo." Akamwonyesha. Pembeni mwa siku ya nne, kwa penseli, palikuwa pameandikwa: muda wa saa nne na nusu, pamoja na chakula.

"Saa nne na nusu, Mekki? Anaumwa mapafu."

"Kwa umri wetu nani haumwi? Nikimwongezea siku nzima, Strasbourg inavunjika. Strasbourg ikivunjika, Köln hatuifiki adhuhuri."

Kwa nini penseli, ya kufutika, hilo lilikuwa shauri la Ammar, mfamasia mstaafu aliyecheza naye dhumna kila alasiri.

"Dada usimtaje," Ammar alimwambia akichanganya vipande. "Mwenye ndugu kule wanamhesabu ameshahamia nusu. Sema wewe ni mtalii. Huna mtu, unapenda makanisa."

"Mimi sisemi uongo kwenye karatasi."

"Nani kasema useme? Nyamaza tu. Kunyamaza nako dhambi, ee Si Mekki?"

Basi akanyamaza. Kwenye fomu ya viza, mahali pa kuuliza kama wana jamaa huko waendako, alipiga mstari mfupi. Mengine yote katika bahasha ya maombi yalikuwa kweli tupu.

Pasipoti zilirudi baada ya siku ishirini na mbili. Ya Zulikha ilikuwa na viza. Ya Si Mekki ilikuwa na karatasi iliyosema kwamba lengo la safari yake halikuaminika.

Ratiba ilikuwa moja. Bahasha ilikuwa moja. Aliisoma ile karatasi amesimama, kisha amekaa, kisha akaisoma kwa sauti kama mtu anayesahihisha insha ya mwanafunzi mvivu.

"Ndivyo wanavyofanya," Ammar alimweleza. "Mmoja anakwenda, mwingine anabaki rehani. Afadhali wangekuchukua wewe, mkeo tungemlisha."

"Basi tuache," Zulikha alisema nyumbani. "Tuombe tena wote wawili."

"Nitaomba mimi tena. Wewe utakwenda."

"Peke yangu? Mimi niliyepotea Algiers na wewe umenishika mkono?"

"Utakuwa na kadi kila siku. Treni, jukwaa, mlango wa kutokea, yote. Utanipigia. Itakuwa kama nimekwenda mimi."

Zulikha, mwanamke mcheshi siku zote, alikwenda kuzitoa dengu sandukuni bila mzaha.

Akaondoka mwezi wa Machi na kadi kumi na sita ndani ya mkoba, kila moja na kamba yake ya kuvaa shingoni. Kutoka Marseille alituma picha ya bandari, na kutoka Lyon picha ya mito miwili inapokutana. Si Mekki alizipeleka kwenye meza ya dhumna, simu ikapita mkono hadi mkono. Baada ya hapo picha hazikuja. Mtandao mbaya, Zulikha alisema, na sauti yake kila jioni ilikuwa ya mtu aliyechoka, jambo ambalo ratiba ilikuwa imelitazamia.

Siku ya tisa alipiga Si Mekki mwenyewe, saa sita kamili mchana, kwa kuwa saa hiyo Zulikha alitakiwa kuwa juu ya daraja la reli la Köln, upande wa waendao kwa miguu.

"Upo darajani?"

"Nipo."

"Kanisa unalitazama?"

"Nalitazama. Kubwa, jeusi. Wallahi linatisha."

"Na mto?"

"Mto upo, Mekki. Utakwenda wapi?"

Akacheka. Alikuwa na furaha, jamani. Alikuwa amefumba macho ili aone vizuri. "Ndilo ninalotaka kujua. Maji yanakwenda mkono wako wa kulia au wa kushoto?"

"Kushoto."

Lakini anayesimama pale akalitazama kanisa ametazama magharibi, na Rhine huenda kaskazini, kulia kwake, tangu kabla binadamu hajaweka jiwe ukingoni. Si Mekki akafumbua macho. Ndipo alipoanza kusikiliza. Hakusikia upepo, hakusikia treni. Alisikia kijiko ndani ya glasi, kisha kikohozi kirefu kilichoanza kikavu kikaisha na maji, kisha sauti ya mwanamke ikasema, kwa lafudhi ya mtaa wao wenyewe: "Zulikha, nigeuze."

"Kulia," alisema Si Mekki. "Unakwenda kulia."

"Haya, kulia."

"Uko kwa Hadda."

"Niko kwa Hadda." Sauti haikuyumba. "Tangu siku ya nne. Nilipanda treni ile ile uliyoniandikia, na haikuchelewa, hongera. Nikamkuta ana kilo thelathini na nane. Mwanawe yuko Kanada, jirani anamletea supu anaiacha mlangoni. Saa nne na nusu zimekwisha, mimi bado namwosha. Ningefanyaje? Nimwache na sabuni mwilini niwahi treni?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungenitafutia treni ya baadaye."

Na kweli treni ilikuwapo. Ya saa moja na dakika kumi jioni. Alikuwa ameikumbuka hata kabla mkewe hajamaliza sentensi.

Alasiri ile Ammar alimuuliza, "Mjumbe wetu yuko wapi leo?"

"Köln," alisema Si Mekki. Na akawasimulia. Aliwapa daraja, chuma chake kikitetemeka treni ikipita, mashua ndefu za mizigo zimelala chini kwa uzito, kanisa limepakwa masizi. Hakuwahi kufundisha vizuri hivyo maisha yake yote. Kesho kutwa yake aliwapa Amsterdam. Mzee mmoja aliyefanya kazi huko miaka ya sabini alitikisa kichwa akasema, "Hasa. Ndivyo ilivyo."

Siku ya kumi na tatu Zulikha alipiga asubuhi.

"Daktari amekuja. Anasema ni siku tu, labda wiki mbili. Anasema akiandika barua naweza kwenda ofisi ya serikali ya hapa nikaomba niongezewe siku. Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya. Niende?"

Si Mekki alikuwa ameshapata miadi mpya kwenye ofisi ya viza, mwanzo wa Mei. Aliiona barua ya daktari kama ameishika: jina la Hadda, na chini yake neno dada. Aliuona na mstari wake mfupi kwenye fomu. Wangeuliza dada huyu ametokea wapi. Wangefungua faili la mke, na faili la mume limelala chini yake.

"Wataongeza," alisema, "lakini watakuwekea alama. Hutaingia tena maisha yako."

"Una hakika?"

Hakuwa na hakika. Miezi yote ile hakuandika dakika moja bila kuithibitisha mara mbili, na hili hakulithibitisha hata mara moja. Atlasi ilikuwa wazi mezani mbele yake.

"Nina hakika. Rudi tarehe yako."

Kisha Zulikha akasema, "Sawa, Si Mekki." Miaka thelathini na minne ya ndoa hakuwahi kumwita hivyo. Walimwita hivyo wanafunzi, na muuza mboga.

Alirudi siku ya kumi na sita. Hadda alikufa siku sita baadaye, mchana, jirani akiwa amekwenda kufuata dawa. Watu wa msikiti wa pale walimzika huko huko kwa amri ya mwanawe, aliyefika kaburi limeshakauka.

Mwezi Juni viza ya Si Mekki ikatoka. Walimpa siku kumi na sita kamili.

"Siendi," alisema, pasipoti mkononi.

Zulikha alikuwa anachambua maharage. "Utakwenda. Kwa bei tuliyoilipa, utakwenda."

Akampigia pasi mashati sita, akayakunja vizuri. Hakumwomba apite Saint-Étienne. Si Mekki alingoja aombwe mpaka sanduku likafungwa, mpaka teksi ikapiga honi chini.

Akaenda. Kila kitu alikikuta pale pale ramani ilipokiweka. Lyon alipanda treni ya Saint-Étienne, akafika makaburini saa saba mchana, akakuta ofisi imefungwa kwa chakula. Upande wa Waislamu ulikuwa na mamia ya makaburi, mengi yana namba tu kwenye kibao. Namba ya Hadda hakuijua. Ilikuwa kwenye karatasi nyumbani, kwenye droo ya Zulikha, na yeye hakuwa amethubutu kuiuliza. Simu ilikuwa mfukoni. Aliitoa, akalitazama jina la mkewe mpaka kioo kikazimika chenyewe. Akasoma Fatiha langoni, akielekea makaburi yote kwa pamoja, akageuka.

Köln alisimama darajani adhuhuri. Mashua zilipita. Alingoja kitu fulani kitokee ndani yake, na baada ya dakika ishirini akaona njaa. Kundi la wanafunzi likapita na mwalimu wao akiwaonyesha kitu majini, na yeye akatazama pembeni.

Hakukosa treni hata moja.

Usiku aliorudi Zulikha alikuwa amepika shakhshukha, mkate uliochanwachanwa ukalowa mchuzi wa kondoo, na alimpakulia kama mgeni, nyama yote upande wake. Si Mekki akaanza na Marseille. Mkewe alisikiliza kwa adabu, mikono mapajani. Alipofika Lyon akataja mito miwili, kisha akaruka kwenda Strasbourg.

"Hadda ulimfikia?" Zulikha aliuliza.

"Nilifika mjini kwake. Hata makaburini nilifika."

"Nakuuliza Hadda."

Akaitazama sahani. Nje, kijana wa ghorofa ya pili alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki, ikigoma, ikigoma.

"Sikujua namba," alisema.

"Ungeniuliza."

Alinyanyua kichwa kumjibu, lakini Zulikha alikuwa ameshasimama, amekwisha kuweka sahani yake juu ya ile ya mumewe.

"Umechoka," alimwambia. "Kalale."