Kioo cha Kindege cha Bohumír

Zbyněk Hrubeš alifunua boksi la viatu baada ya chakula cha mchana, akachungulia, akalifunika haraka. Akatupa jicho mlangoni. Hakukuwa na mteja. Akalifunua tena, na mambo yakawa yale yale: kioo cha kindege cha plastiki cha marehemu Bohumír, ambacho asubuhi kilikuwa safi kabisa, sasa kimekuwa cheupe kwa ndani kama dirisha la bafu mtu akishaoga maji ya moto.

"Yesu na Maria," alisema, akaketi.

Kibanda chake kiko karibu na stesheni ya treni ya mji wa Přerov. Anachonga funguo na kubandika soli, na kwa kazi hiyo ameshika gundi maisha yake yote. Hapo ndipo kiburi kilipomwingilia. Katika kilabu chao cha waunda vindege vya plastiki, kinachokutana chumba cha nyuma cha baa, ilikuwa haifai kubishana na Zbyněk kuhusu gundi. Ukithubutu anakukata kauli: "Wewe unakula kwa kazi gani? Mimi nakula kwa gundi." Mtu mmoja tu ndiye hakumwogopa, naye ni Bohumír.

"Kwenye plastiki ya kawaida fanya utakavyo," Bohumír alikuwa akimwambia, taratibu, na masharubu yake yamejaa povu la bia. "Lakini kioo, plastiki angavu ile, ni gundi nyeupe tu. Ile ya kuyeyusha plastiki itakila, na supaglu ina mvuke. Wewe huuoni, ila kioo kinauona."

"Gundi nyeupe! Si ndiyo wanayobandikia karatasi watoto wa chekechea? Ukipiga chafya tu, kioo kimeruka!"

"Basi usipige chafya."

Watu walikuwa wakicheka mpaka wanapigapiga meza. Wawili hao walibishana hivyo tangu nywele zao zikiwa nyeusi, na walipendana, asikudanganye mtu.

Kisha Bohumír akaugua, akafa. Na kilabu kile kina desturi yake. Mwenzao akifa, kazi aliyoiacha mezani haitupwi wala haiuzwi. Rafiki yake wa karibu huichukua akaimalizia, ikawekwa meza ya mbele kwenye maonyesho ya vuli pamoja na kadi yenye majina mawili, la marehemu na la aliyemalizia, halafu mjane huondoka nayo. Kupewa kazi hiyo ni heshima kubwa. Kuiharibu, sijui nikuambieje, hakuna aliyewahi kuiharibu.

Bohumír aliacha kindege cha njano cha mafunzo, mfano wa ile ndege aliyojifunzia kurusha ujanani, ambayo ndiyo aliyompandishia mkewe Vlasta kabla hawajaoana. Ndani yake aliketisha watu wawili wadogo mno: nyuma yeye mwenyewe na masharubu yake, mbele Vlasta, kichwani kafunga kitambaa chekundu. Aliwapaka rangi kwa mkono wake, huku ugonjwa unautetemesha. Magurudumu aliyamaliza, mabawa aliyamaliza. Kilichobaki ni kioo. Kioo tu, jamani, basi!

Ukweli usemwe, Zbyněk alianza na gundi nyeupe. Lakini hakuwa mtu wa kungoja. Alikitikisa kioo mapema, kikateleza kando. "Si nilikwambia?" akamtambia marehemu, peke yake pale kibandani. Akaifuta ile gundi, akachukua supaglu yake ya soli, akatia tone hapa na tone pale. Halafu, ili vumbi la viatu lisiingie, akakifungia kindege ndani ya boksi. Mvuke wote ukabaki humo humo.

Sasa alijaribu kukibandua, wapi! Alipopenyeza wembe plastiki ilialika, akaogopa kuupasua mwili mzima. Alisugua kwa nje mpaka kidole kikauma, na ukungu wenyewe uko ndani. Alipokiinua kwenye mwanga, Bohumír hakuonekana kabisa, na Vlasta alikuwa amebaki doa jekundu. Maonyesho yalikuwa kesho yake.

Angeweza kwenda kwa Vlasta jioni ile ile akasema, nimekosea. Alivaa hata koti. Akafika kona ya mtaa wao, akaona taa ya jikoni inawaka. Akarudi nyumbani.

Asubuhi ukumbi wa zimamoto ulijaa watu na harufu ya kahawa. Zbyněk alikiweka kindege meza ya mbele, akakigeuza ili dirisha liwe nyuma yake, eti mwanga usikipige. Luděk, mwenyekiti wa kilabu, mtu wa tumbo na mdomo, alikuja moja kwa moja na miwani yake ya kukuzia.

"Haya, tumwone bwana mkubwa na mkewe," akasema, akainama. Akarekebisha miwani. "Ala! Mbona ndani kuna ukungu? Zbyněk, usiniambie ni supaglu hii."

Watu wakasogea. Zbyněk alihisi uso unamchoma mpaka masikioni.

"Nilikikuta hivyo," alisema.

"Ulikikuta hivyo vipi?"

"Alishakibandika mwenyewe. Mimi nimegusagusa rangi tu."

Maneno yalimtoka, na maneno yakishatoka hayarudi. Luděk aliinuka, macho yamemtoka.

"Bohumír? Kwa supaglu? Jamani, njooni mwone! Mwalimu wetu huyu! Katuchosha kwa gundi nyeupe, kumbe kwake anajibandikia supaglu kimyakimya!"

"Mungu amrehemu, lakini hili ni kosa la darasa la kwanza," mwingine akadakia, na kicheko kikazunguka meza. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Ndivyo wanavyotaniana pale, aliye hai na aliyekufa. Na Zbyněk naye akacheka. Alipokuja kuyafikiria baadaye, hicho kicheko chake ndicho kilichomkosesha raha kuliko hata uongo wenyewe.

Kicheko kilikatika ghafla. Vlasta alikuwa amesimama nyuma yao na sinia la mikate midogo ya jemu ya plamu, amevaa nguo yake nyeusi. Amesikia yote.

Aliweka sinia mezani. Akakiinamia kindege, akakitazama kwa muda mrefu, akitafuta kitu ndani ya weupe ule.

"Ndiyo," akasema hatimaye. "Alikibandika yeye. Siku zile za mwisho mkono ulikuwa haumsikii tena, na dawa zilimchanganya kichwa. Mtusamehe, kimeharibu meza yenu."

"Ah, mama Vlasta, usiseme hivyo!" Luděk akavua miwani, uso umemshuka. "Tunatania tu. Sote tunateleza."

"Najua mnatania. Kuleni mikate ingali moto." Akachukua mkoba wake, akatoka.

Zbyněk alimkuta uani, karibu na gari la zimamoto, anahangaika kufunga vifungo vya koti.

"Shemeji."

"Unataka nini, Zbyněk?"

"Ulikuwa... Bohumír alikuambia kwamba alikibandika?"

Vlasta aliacha vifungo, akamtazama.

"Kioo kile nilikiosha mimi. Yeye kalala hospitali, ananielekeza: maji ya vuguvugu, tone la sabuni, usikishike kwa vidole, kitie kwenye kikopo cha peremende na pamba. Kikopo nilikiweka mimi kwenye boksi, nikalifunga kwa kamba, nikakupa wewe mkononi. Unaniuliza kama alikibandika?"

Zbyněk alitamani ardhi imfunike. Hakujua atazame wapi, akatazama tairi la gari.

"Kwa nini hukuniumbua mle ndani?"

"Kwa sababu Bohumír hawezi kuona haya tena, na wewe bado utakunywa bia na wale watu. Nilifikiri hivyo pale pale, sikuwa na muda wa kufikiri zaidi." Akafunga kifungo cha juu. "Lakini nimefanya vibaya. Nimemsingizia mume wangu. Nimesimama mbele ya watu nikasema alichanganyikiwa, mtu ambaye mpaka dakika ya mwisho alikuwa ananikumbusha kumwagilia nyanya. Na mimi nilikuja kujiona mle kwenye kindege, nimefunga kitambaa changu. Basi. Sikuja kwa lingine."

"Vlasta, nisamehe."

"Mimi? Aliyechekwa ni nani?"

Akageuka, akaondoka zake. Zbyněk alibaki pale, mikono inamning'inia, na kama si baridi angekaa mpaka jioni. Kisha akarudi ukumbini. Luděk alikuwa amekalia ukingo wa meza, mkate mdomoni, anawasimulia wageni kutoka kilabu cha Olomouc kisa cha mwalimu wa gundi nyeupe.

"Ni mimi," Zbyněk akasema.

"Wewe nini?"

"Niliyetia supaglu ni mimi. Nikiwa kibandani kwangu, nikakifungia kwenye boksi. Bohumír aliacha kioo safi, hakijaguswa. Nimemsingizia, na shemeji amenifichia aibu. Mwambieni kila mtu mliyemwambia."

Alingoja. Katika kilabu kile ukikosea unataniwa mpaka unajuta kuzaliwa, halafu unanunuliwa bia, yanaisha. Alingoja Luděk amwite fundi soli, amwite chekechea, amwite lolote lile. Luděk alitafuna mkate wake, akaumeza, akafuta vidole. Akaichukua ile kadi ya majina mawili, akatoa kalamu mfukoni, akalifuta jina la Zbyněk. Kisha akawageukia wageni, akawaonyesha vifaru vya vita vya plastiki vya meza ya pili. Hakuna aliyemtania.

Jumatatu Zbyněk alipita duka la vifaa vya shule.

"Gundi nyeupe," akasema.

"Ya mjukuu?" muuzaji akauliza.

"Hapana, yangu."

Vlasta alimfungulia mlango. Kindege, ambacho watu wa kilabu walikuwa wamemletea, kilikuwa juu ya meza ya jikoni. Zbyněk alipitisha uzi chini ya kioo, akauvuta huku na huku, taratibu, kidogo kidogo, mgongo umelowa jasho. Pembe moja ilimeguka. Nyingine zikaachia. Vlasta alikichukua kioo pasipo kumuuliza, akaanza kukisugua kwa ndani kwa dawa ya meno na kitambaa laini, na ukungu ukawa unaondoka.

Wawili wale wadogo walikuwa wazi sasa, hawana kitu juu yao. Vlasta aliinama, akajiona na kitambaa chake chekundu, akatabasamu huku machozi yanamtoka.

"Kaninenepesha," akasema. "Njoo umwone na yeye, masharubu kayapatia hasa."

Zbyněk alishika kichupa cha gundi nyeupe, anahangaika na kifuniko ambacho alikuwa ameshakifungua.

"Nitamwona baadaye," akasema, na hakuinua macho.