Mguu Uliojificha Mlimani

Ninaitwa Skolastika, mkulima wa Namswea. Mmeniletea kiti, nashukuru, lakini leo nitasimama. Kusimama huku nimekutafuta kwa shida.

Nilizaliwa na baka jekundu kwenye mguu wa kulia, toka pajani hadi kifundoni. Bibi alisema mama alitamani nyama akiwa na mimba, akajishika paja. Maelezo yakaishia hapo. Nilipokua, mishipa ikatuna juu ya lile baka, minene kama kidole, na mguu wenyewe ukawa mrefu kuliko mwenzake. Hakuna aliyeona. Kwetu ni miteremko mitupu, na kazi ya mwanamke ni kuchimba ngoro, yale mashimo ya mlimani ambayo kwenye kingo zake tunapanda maharage na mahindi. Nikichimba, mguu wa kulia niliuweka upande wa chini, wa kushoto upande wa juu. Nikawa sawa kabisa. Mama alinisifu kwamba nawashinda dada zangu, nami nilizipenda hizo sifa. Jioni mguu ulijaa na kuwaka moto, nikaufunga kitenge, nikanyamaza.

Nikaolewa Lituhi, kwa wavuvi. Ufukweni ni mchanga tambarare, hapana pa kujificha. Siku ya kwanza tu mama mkwe aliniuliza, "Mwanangu, mbona unachechemea?"

"Ni mchanga tu, mama. Sijauzoea."

Niliusingizia mchanga miaka miwili. Mtu mkaidi kama mimi sijamwona.

Asubuhi moja nilikuwa naanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, na mti wa kichanja ukanikwaruza mguu. Sikusikia maumivu. Niliona usipa wamekuwa wekundu. Damu ilikuwa inaruka! Wenzangu walinikalisha kwenye kigoda, mguu ndani ya beseni, na damu ikazidi. Mama mkwe akaja mbio. "Mlazeni chini! Mguu juu!" Akakandamiza jeraha kwa khanga, na hakuachia mpaka tulipofika zahanati. Yule mama ndiye aliyeniokoa, nalisema wazi.

Zahanati walinishona, wakaniandikia rufaa, na mwisho nikafika kwa daktari wa upasuaji wa mishipa, mbali na kwetu. Shemeji yangu alishasema bora mguu ukatwe, tuondokane na balaa. Nilimjibu kwamba akate wake kwanza.

Daktari alinipima. Kisha akasema, "Huu ni ugonjwa wa nadra. Umezaliwa nao."

"Basi ing'oe mishipa yote, daktari. Hata leo."

"Taratibu, dada. Wagonjwa wengine wa aina yako hawana mshipa mkubwa wa ndani. Hii ya nje unayoichukia ndiyo inayorudisha damu. Nikiing'oa kabla ya kujua, nitakuharibia mguu."

Hapo niliogopa kweli. Kumbe kubaki na mguu kulitegemea mshipa ambao sijawahi kuuona! Walinipaka mafuta ya baridi, wakapitisha kipimo cha kuonyesha mishipa ya ndani toka kinenani hadi ugokoni, wakarudia. Nilikaza macho kwenye dari.

"Upo," daktari akasema. "Ni mwembamba, lakini upo na unafanya kazi."

Nililia mpaka nesi akanicheka.

Nilipasuliwa mara mbili, na miezi kadhaa katikati. Paja lilivilia damu likawa jeusi, kidonda kimoja kilitoa maji wiki nzima, na kujisaidia ilikuwa kazi ya watu wawili. Siku iliyofuata upasuaji nesi alinisimamisha. Nikamwambia siwezi. "Hujaombwa kuweza," akasema, "umeombwa kusimama." Nikasimama. Nikapewa soksi ya kubana, na fundi viatu akaongeza soli ya kiatu cha kushoto kwa unene wa vidole viwili. Daktari hakunidanganya: ugonjwa haujaisha, umedhibitiwa, na kliniki nitahudhuria siku zote.

Niliporudi kuishi nyumbani Namswea, mama alinikuta uani tunapoanikia kahawa, mahali paliposawazishwa vizuri. "Vua viatu nikuone," akasema. Nikavua. Nyonga ikaelemea upande mmoja. Akakaa chini palepale.

"Nimekuangalia miaka yote hiyo, mwanangu."

"Uliniangalia mlimani, mama."

Namshukuru Mungu, na mama zangu wote wawili, na mikono iliyonipasua. Ninyi wazazi wenzangu wa milimani, baka la kuzaliwa si hadithi ya nyama. Mchukueni mtoto mahali tambarare, avue viatu, asimame wima, mmtazame kwa nyuma. Kama kuna tofauti, mpelekeni hospitali, na msikubali achanjwe chale juu ya mishipa iliyotuna. Na mshipa ukipasuka, mlazeni, mguu juu, mkandamize.

Binti yangu Upendo alipoanza kutembea, nilimsimamisha palepale uani. Yuko sawa. Mimi nimesharudi kwenye ngoro, na soksi yangu. Na mguu ukiuma, nasema unauma.