Kibodi ya Mikono Iliyogoma

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi naitwa Karisa, naishi hapa Kisauni. Dada Mwanasha, huyu mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa kliniki hii, ndiye aliyeniomba nizungumze nanyi leo. Naona wengi mmekaa na mikono mmeilaza mapajani kama mizigo ya watu wengine. Nami nimekaa kwenye benchi hilo hilo. Sikuja kumhubiria mtu. Nitawaeleza yaliyonipata, mengine ya aibu, ili aliye na tatizo kama langu asidhani yuko peke yake.

Mimi ni mpiga chapa. Ofisi yetu iko Changamwe, ya mawakala wa mizigo. Shehena ikishuka bandarini, lazima iwe na karatasi zake: mwenyewe ni nani, ndani mna nini, uzito gani, ushuru kiasi gani. Karatasi hizo zote zilipita kwenye vidole vyangu. Nilikuwa mwepesi sana. Wenzangu walikuwa wakisema nikianza kuandika husikika mvua juu ya bati, nami nilipenda kusemwa hivyo. Jioni nikirudi nyumbani namkunia mke wangu nazi, namwogesha binti yetu Neema, ambaye wakati huo alikuwa mchanga. Jumapili napiga gitaa kanisani. Maisha yangu yote yalikuwa mikononi, ila sikuwa nimeliona hilo.

Ugonjwa ulianza kwa mwasho. Kidole gumba, cha shahada na cha kati viliniwasha kwa ndani, pale ambapo kucha haifiki. Kisha ikaja ganzi. Nikiukung'uta mkono ganzi inapungua, basi nikawa mtu wa kukung'uta mikono kutwa, kama aliyenawa akakosa kitambaa. Nilinunua dawa ya kuchua. Nikafunga kitambaa cha pamba. Mama yangu alinipigia simu kutoka Kaloleni akaniambia, "Mwanangu, kuna mtu hapo kazini hakupendi." Nilicheka, lakini baadaye, maumivu yalipozidi, nilijikuta namwangalia kila mwenzangu ofisini nikijiuliza ni nani.

Ganzi ikapanda hadi kwenye kiwiko. Mkono wa kushoto nao ukafuata. Nilikuwa nabonyeza vitufe bila kuvihisi, nikitazama vidole vyangu kama vya mtu ninayemsimamia. Makosa yakaongezeka. Bi Wanza, mkuu wetu, akaniita.

"Karisa, jina la mteja mmoja umeliandika kwa namna mbili katika ukurasa mmoja. Una nini?"

"Nimechoka tu, Madam."

"Basi pumzika. Kontena la watu limezuiliwa kwa ajili ya herufi moja."

Sikupumzika. Niliogopa nikipumzika watajua kwamba naweza kukosekana.

Siku iliyonivunja ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa namwogesha Neema kwenye beseni, mkono wa kulia umemshika chini ya kwapa. Mkono ukafa. Haukuuma hata kidogo, ulizimika tu. Mtoto akateleza, uso ukaingia majini. Niliona mapovu ya sabuni yanapanda pale pua yake ilipokuwa, nami nilikuwa nauamuru mkono ushike, haushiki. Mke wangu, Sidi, alimnyakua. Mtoto alikohoa, akatapika maji, akalia kwa nguvu. Sidi hakunigombeza. Alimfunga kanga, akanitazama, akasema, "Baba Neema, twende hospitali." Tangu siku hiyo sikumbeba tena mwanangu. Akininyooshea mikono, nilikuwa najifanya sikumwona.

Hospitalini daktari alinigonga kwa ncha ya kidole juu ya kifundo cha mkono. Umeme ukaruka hadi kwenye kucha. Nilipiga kelele.

"Bwana Karisa," akasema, "hapa kwenye kifundo pana njia nyembamba. Ndani yake inapita neva inayoleta hisia kwenye vidole. Njia imevimba, neva imebanwa. Mikono yote miwili."

"Itapona, daktari?"

Alinishika kiganja akakigeuza kwenye mwanga. "Tazama hapa chini ya kidole gumba. Hapa panatakiwa pawe na mnofu." Palikuwa na shimo. Nyama ilikuwa imenywea kama embe lililokaa juani. "Umechelewa kidogo. Tutafanya upasuaji wa kulia kwanza. Nguvu yote huenda isirudi."

Nikafungwa vifundo vyote viwili kwa vyuma laini vya kuvinyoosha, nikaambiwa nisubiri zamu yangu ya upasuaji. Miezi hiyo ya kusubiri ndiyo iliyokuwa migumu kuliko yote.

Nilikuwa mtu mzima asiyeweza kufunga kifungo. Sidi alikuwa akinivika shati kabla ya kwenda kwenye shule ya chekechea anakofundisha. Alinipiga mswaki. Alininyoa. Aliniosha hata kule ambako mtu hujiosha mwenyewe hadi siku ya kufa. Mara ya kwanza niligeuza uso ukutani. Akaniambia, "Geuka bwana, mimi si mgeni." Alisema kwa mzaha, lakini sauti yake ilikuwa imechoka, na mimi nikaisikia.

Mama yake Sidi alikuja kutoka Rabai kutusaidia na mtoto. Ninyi mnajua mambo ya mkwe. Kwetu mkwe na mkwe hustahiana. Hata kukaa karibu kwenye kiti kimoja hatukai. Siku moja Sidi yuko kazini, nikabanwa na haja ndogo. Nilikwenda chooni, zipu ikagoma. Nilijaribu kwa kidole cha mwisho, ambacho kilikuwa bado na uhai. Nikajaribu kwa koleo niliyoibana kwa viganja viwili, ikaanguka. Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita, na huyo siwezi kumwita. Nikatoka nikazunguka sebuleni kama mwendawazimu, na pale sebuleni, mbele yake, nikajikojolea.

Ndugu zangu, nilitamani ardhi ipasuke. Yule mama alikuwa ameketi na Neema mgongoni. Hakunitazama. Aliinuka polepole, akachukua ndoo ya maji iliyokuwa kando ya mlango, akaimwaga yote sakafuni, ikanirukia miguuni hadi magotini. Kisha akasema, "Niwie radhi mwanangu, nimekumwagia maji. Uzee huu." Akachukua tambara akaanza kudeki, mgongo amenipa. Niliingia chumbani nikalia bila kufuta machozi, kwa sababu hata hayo sikuweza kuyafuta vizuri.

Zamu yangu ikafika. Nilipigwa sindano ya ganzi kwenye kiganja; hiyo ndiyo iliyouma. Baada ya hapo nilikuwa macho, nasikia mkono unavutwa, nasikia wauguzi wanazungumza habari za harusi. Nilitoka na nyuzi kwenye kiganja na uvimbe mpaka kwenye vidole. Wiki zilivyopita ule mwasho wa ndani ukaniondoka. Nikashukuru. Nikadhani nimepona.

Nilirudi Changamwe. Kufika adhuhuri ya siku ya kwanza, moto ulikuwa umerudi kwenye kovu, na mkono wa kushoto ulikuwa umekufa kabisa. Bi Wanza aliketi ukingoni mwa meza yangu. Si mwanamke mbaya. Aliniambia kwa upole, "Karisa, nimekushikia nafasi hii kadiri nilivyoweza. Wakubwa wananiuliza. Nikushikie mpaka lini?" Kupiga chapa ndiyo kazi pekee niijuayo.

Nilimweleza Dada Mwanasha. Akanitaka nilete kibodi ya ofisini hapa hapa kliniki, niandike mbele yake. Aliinama akawa anatazama kwa ubavuni.

"Kaka Karisa, unaona vifundo vyako? Hii kibodi ni nene, tena imeinuka kwa nyuma. Kila unapobonyeza unaukunja mkono kwenda juu, halafu unaukunja tena kwenda nje ili vidole vienee. Unaibana neva ile ile aliyoifungulia daktari. Ungepata kibodi bapa, iliyogawanyika vipande viwili, mikono ingelala sawa."

Nilizunguka maduka ya mjini, nikafika hadi Nyali. Zilizokuwepo zilikuwa bapa lakini za mikono midogo, zimebanana. Ndipo nikamkumbuka Omari, niliyesoma naye shule ya upili. Omari ana karakana ya vifaa vya umeme kule Timbwani, Likoni. Nilivuka feri nikamkuta. Nilipomwonyesha mikono yangu aliigeuzageuza, kisha akasema, "Yakhe, kama haiuzwi, tutaiunda."

Alitandaza unga wa ngano juu ya sinia. "Laza mikono. Usijitengeneze. Iache ianguke inavyotaka." Nililaza. Nilipoinua, tuliona alama mbili zimekaa mbali, zimelalia nje, kidole cha kati kimekwenda mbele na cha mwisho kimebaki nyuma kabisa. Hakuna kibodi hata moja niliyowahi kuitumia iliyofanana na alama zile. Omari akazipiga picha, akachora, akakata mbao nyembamba na kutoboa matundu pale vidole vyangu vilipoangukia. Swichi zenyewe, za kimo kifupi na za kubonyezeka kwa wepesi, tuliagiza nje. Tukangoja.

Zilipofika nilitaka kusaidia. Nikapokea parafujo moja, ikaniponyoka ikapotelea chini ya meza. Nyingine pia. Omari akaniambia, "Keti, we niambie tu." Basi nikawa mdomo. Yeye alilehemu nyaya moja baada ya nyingine, moshi unamwingia machoni, nami nimekaa kama mgonjwa anayelishwa, nikisema kulia kidogo, chini kidogo.

Ya kwanza ilishindwa. Nikibonyeza herufi moja zinatoka mbili. Hilo Omari alilirekebisha. Lakini vitufe vya kidole gumba tulikuwa tumeviweka chini mno ya kiganja, na kufikia jioni ya siku ya pili maumivu yalinipanda hadi begani nikashindwa hata kushika kijiko. Sidi akarudi kunilisha. Nilimpigia simu Omari nikamwambia tuache, Mungu hataki.

"Usimsingizie Mungu," akasema. "Wallahi aliyekosea ni mimi. Niletee mikono yako tena."

Alifumua kazi yote. Safari hii Dada Mwanasha alivuka feri pamoja nami, akawa anasukuma vipande vya gundi laini chini ya mbao, akishika vifundo vyangu, akisema hapana, hapana, hapo. Tuliinua upande wa kidole gumba kidogo, kama mtu anayetaka kupeana mkono. Vitufe vizito vya kufuta na kuanza mstari vikaondolewa kwenye kidole cha mwisho. Kibodi ilipokamilika, unene wake ulikuwa wa kipande cha sabuni iliyotumika nusu. Nililaza mikono. Kwa mara ya kwanza haikulazimika kupanda popote.

Siwadanganyi kwamba nilipona siku hiyo. Kibodi si dawa, na daktari alinikanya nisiseme hivyo. Ilinibidi nijifunze kuandika upya. Nilitafuta herufi kama mtoto wa darasa la kwanza, nikapumzika kila nilipohisi ganzi inanyemelea. Bi Wanza alizitazama mbao zile mbili mezani akauliza, "Hii ni kibodi au ni sahani za chakula?" Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka. Kisha akanigawia kazi upya: nusu ya siku naandika, nusu nakagua za wenzangu.

Leo nina kazi yangu, lakini ile mvua juu ya bati imekwisha. Kidole cha shahada bado kina ganzi nchani, kama kimevaa glavu. Mkono wa kushoto bado unangoja kisu, na kuna asubuhi huamka haunitambui. Gitaa nililiachia vijana wa kanisa. Neema sasa anatembea. Akitaka kubebwa, naketi kwanza, yeye ndiye anayepanda. Ile nyama iliyonywea haikurudi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari, Omari, Dada Mwanasha, na yule mama wa Rabai. Nanyi nawasihi: vidole vikianza kufa ganzi, njoo mapema. Usivikung'ute mwaka mzima kama mimi. Meza, kiti na chombo unachofanyia kazi vitazame. Mkono usiuzoeze kukunjika. Na anayekuhudumia, mwulize kama amekula.

Hilo la kumjali anayekuhudumia sikulijua mwenyewe. Juzi nilimwuliza Sidi niwaambie nini watu wa kliniki kuhusu yeye. Alikuwa anasahihisha michoro ya watoto wake wa shule, hakuinua kichwa.

"Waambie nilichoka," akasema. "Wote wanasema nilivumilia. Waambie nilichoka sana."

Basi nawaambia. Mke wangu alichoka sana.